Gunia la Calcutta Kwenye Mwalo wa Kirumba

Katika Soko la Samaki la Mwaloni, Kirumba, kazi ya kufungasha dagaa huanza jua halijapanda. Dagaa wakavu hupimwa kwa debe na kumiminwa ndani ya gunia, hushindiliwa hadi gunia likavimba, mdomo hushonwa kwa shazia na kamba, kisha makuli hujitwisha mzigo na kuupeleka kwenye lori la Burundi, Rwanda au Kongo. Siku hizi magunia mengi ni ya nailoni. Enzi ya ukoloni, gunia lililobeba karanga, mpunga na mazao mengine ya ukanda huu wa Ziwa Victoria lilikuwa la juti, na juti hiyo ililimwa kwenye mabonde ya mafuriko ya Bengal na kufumwa katika viwanda vya Calcutta, mji unaoitwa leo Kolkata. Mkulima wa Usukuma ambaye hakuwahi kuiona bahari alihifadhi chakula chake ndani ya kitu kilichoanzia mikononi mwa mkulima wa Kibengali.

Bengal na Mwanza hazitajwi pamoja mara kwa mara. Tukizungumzia Waasia wa Kanda ya Ziwa, tunawataja Wakhoja, Mabohora, Mabanyani, Makalasinga na Wagoa, watu wa magharibi na kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi. Mbengali ni nadra kuwamo. Ndiyo maana historia ya Asia katika ukanda huu imekuwa historia ya duka na mwenye duka, na mjadala wake hauvuki swali moja: Mhindi alitufaa au alitunyonya?

Swali hilo ni halali, lakini ni dogo mno kwa jambo lenyewe. Bengal inatusaidia kulipanua, kwa sababu ilifika Mwanza karibu bila watu wake. Ilikuja kwa bidhaa, sheria, meli, vitabu na vita. Ukiifuatilia hadi ilikoanzia unamkuta mkulima mdogo, mwenye deni na asiyepanga bei ya zao lake, na hali yake haitofautiani sana na ile ya mkulima wa pamba wa Kwimba au Geita. Hapo ndipo uchambuzi huu unaposimama: wakulima wa pande mbili za Bahari ya Hindi walifungwa katika mfumo mmoja, na rangi ya mtu aliyekaa katikati ilitumika kuwazuia wasiuone mfumo wenyewe.

Ujuano wa kale

Afrika Mashariki na Bengal zilijuana kabla ya Mzungu kufika. Mwaka 1414 mtawala wa Bengal alimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga, na wanahistoria wengi wanaamini kuwa mnyama huyo alitoka pwani yetu. Malindi ndiyo inayotajwa zaidi, maana mwaka uliofuata Malindi yenyewe ilipeleka twiga wake huko huko. Mwishoni mwa karne hiyo, kuanzia 1487, kiti cha Bengal kilikaliwa kwa miaka michache na masultani wenye asili ya Uhabeshi, watu walioingia kama watumwa wa kijeshi wakapanda hadi juu. Mnara wa Firoz uliopo Gaur unahusishwa na mmoja wao.

Ukoloni uliugeuza uhusiano huo. Bengal inatazama mashariki. Bandari ya Calcutta ilipeleka watu Burma na Malaya, na ikawa lango kuu la wafanyakazi wa mikataba waliopelekwa Mauritius, Guyana, Trinidad na Fiji. Afrika Mashariki ilihudumiwa na bandari za magharibi: Bombay, Karachi, na zile ndogo za Kutch na Kathiawar, ambako pepo za kaskazi zilikuwa zimesukuma majahazi kuja Zanzibar kwa karne nyingi. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Karibu 2,500 walifia kazini, na wapatao 6,700 walibaki baada ya mikataba kwisha. Kwa hiyo uchache wa Wabengali kwetu unatokana na jiografia ya bandari na mgawanyo wa kazi ndani ya himaya ya Mwingereza.

Mwanza iliingia katika mkondo huo kwa njia ya pekee. Wajerumani walianzisha kituo chao hapa mwaka 1892, na mwanzoni biashara ilipitia njia ya misafara ya Bagamoyo na Tabora. Hiyo ndiyo njia aliyoitawala Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo, tajiri aliyewapatia misafara bidhaa na wapagazi, na ambaye jina lake bado limo katika wodi ya Sewahaji pale Muhimbili. Kijana mmoja kutoka Kutch aliyefanya kazi chini yake, Allidina Visram, alifungua maduka kuelekea bara hadi akafika Kampala mwaka 1898. Alipofariki Mombasa mwaka 1916, mtandao wake ulikuwa umezunguka nchi za maziwa.

Desemba 1901 reli ikafika Kisumu, na kila kitu kikabadilika. Meli za reli zilianza kuzunguka ziwa, zikipita Entebbe, Bukoba na Mwanza. Kituo cha Mjerumani sasa kilikula na kuvaa kupitia bandari ya Mwingereza. Ngozi, karanga na mpunga wa Mwanza vilivuka ziwa hadi Kisumu, vikapanda treni hadi Mombasa, na nguo, chumvi na magunia vikarudi kwa njia hiyo hiyo. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 tu. Kwa zaidi ya robo karne, mfanyabiashara wa Mwanza aliangalia Kisumu, Mombasa na Bombay kabla ya kuangalia Dar es Salaam.

Mji wenyewe ulipangwa kwa rangi. Wazungu walipewa vilima na rasi yenye upepo, kama Capri Point. Waasia walikaa katikati, juu ya maduka yao. Waafrika walisukumwa pembezoni, Kirumba ikiwa mojawapo ya sehemu hizo. Aliyetoka Kirumba kwenda mjini kununua kaniki au sukari alivuka mpaka uliochorwa na serikali, na upande wa pili alikutana na Mwasia. Mzungu aliyeuchora mpaka huo hakuonekana kaunta. Hali hiyo iliunda fikra za vizazi.

Calcutta bila Wabengali

Meli ya kwanza ya reli kuelea ziwani, iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1900, iliitwa William Mackinnon. Mwenye jina hilo alikuwa Mskochi aliyetajirikia Calcutta. Kampuni yake ya meli ilianzishwa mwaka 1856 kwa safari za Calcutta na Burma, ikageuka kuwa British India Steam Navigation, na mwaka 1872 ikaanza safari za Zanzibar. Kutokana na mtaji na ushawishi huo, Mackinnon aliongoza Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati mwaka 1888 na kuandaa njia ya utawala wa Mwingereza Kenya na Uganda. Faida iliyochumwa kwenye Mto Hooghly, unaopita Calcutta, ni sehemu ya fedha iliyofungua mlango wa Ziwa Victoria.

Meli za baharini za kampuni kama ile ya British India zilitegemea mabaharia wa Kiasia waliolipwa kidogo kuliko Wazungu. Katika meli zilizotoka Calcutta, kazi ya kuchochea makaa chini kwenye joto la tanuri ilifanywa kwa kiasi kikubwa na watu wa Sylhet, wasemaji wa Kibengali kutoka mashariki. Hawakufungua maduka wala kuacha misikiti yenye majina yao kwenye pwani yetu, lakini jasho lao limo katika mfumo wa meli ulioshusha marobota ya nguo Mombasa.

Kisha kuna sheria. Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916. Mwaka 1920 walizipa sheria nyingi za India nguvu ndani ya Tanganyika. Miongoni mwake kulikuwa na Sheria ya Adhabu ya 1860, ambayo rasimu yake iliandaliwa Calcutta na tume ya Macaulay katika miaka ya 1830, pamoja na Sheria ya Ushahidi na Sheria ya Mikataba, zote mbili za 1872. Zote zilitungwa na serikali iliyokuwa na makao Calcutta, kabla ya makao hayo kutangazwa kuhamia Delhi mwaka 1911. Sheria ya Adhabu iliachwa mwaka 1930 na ile ya Mikataba mwaka 1961. Ya Ushahidi iliendelea kutumika hadi Bunge la Tanzania lilipotunga yake mwaka 1967. Kwa takriban nusu karne, Msukuma aliyesimama kizimbani Mwanza alipimwa kwa kanuni za ushahidi zilizoandikwa kwa ajili ya mahakama za India, na mwanasheria yeyote wa Tanzania anayeisoma sheria yetu ya 1967 huona jinsi ilivyofuata nyayo za mama yake.

Lakini kilichofika kila kijiji ni juti. Mkulima wa Mymensingh, Dhaka au Rangpur, mashariki mwa Bengal, hupanda juti mwanzoni mwa mvua, na mimea ikishamzidi kimo huikata wakati mashamba yamejaa maji. Hufunga mashina mafungu mafungu na kuyazamisha kwenye dimbwi kwa wiki mbili au tatu hadi maganda yaanze kuoza. Kisha huingia majini mpaka kiunoni, katika harufu kali, huzichambua nyuzi kwa mkono shina baada ya shina, huziosha na kuzianika juu ya mianzi. Kiwanda cha kwanza cha kusokota juti karibu na Calcutta kilifunguliwa Rishra mwaka 1855. Mwanzoni mwa karne ya 20, viwanda vya Hooghly vilikuwa vimeipita Dundee ya Uskochi, iliyokuwa ikiongoza duniani. Nafaka, kahawa, karanga na pamba za makoloni mengi zilisafiri ndani ya nyuzi hizo.

Huku kwetu gunia lilikuwa zaidi ya chombo cha kubebea. Lilikuwa kipimo, kwani mazao yalihesabiwa kwa magunia na gunia kwa madebe sita. Lilikuwa pia gharama, maana bila gunia mazao hayafiki mnadani, na aliyekuwa na magunia, mara nyingi mwenye duka, alikuwa na sauti juu ya mtu aliyekuwa na karanga tu. Likichakaa liligeuka mkeka, pazia au koti la mvua. Kwa hiyo bei ya juti Calcutta ilipopanda au kushuka, mtu wa Ukerewe aliguswa bila kujua ni mkono gani uliomgusa.

Mzani wa pamba, deni la juti

Pande hizi mbili zinafaa kuwekwa bega kwa bega, kwa sababu kila moja inaiangazia nyingine.

Bengal, mkulima wa juti alianza msimu na mkopo. Alimwendea mkopeshaji kununua mbegu na chakula, na wakati wa mavuno zao lake lilikuwa tayari lina mwenyewe. Lilipita kwa mnunuzi wa kijiji, wakala na dalali kabla ya kufika kiwandani. Wenye viwanda, Waskochi kwa sehemu kubwa, walikuwa na umoja wao tangu 1884, na walikubaliana kupunguza saa za kazi ili kulinda bei ya bidhaa yao. Mkulima hakuwa na umoja wa namna hiyo. Mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ulipoiporomosha bei ya juti, madeni yalizama katika familia kama mizizi. Hasira ilielekea kwa mkopeshaji, aliyekuwa mara nyingi Mhindu, ilhali mkulima wa mashariki alikuwa mara nyingi Mwislamu, na mgogoro wa uchumi ukavaa joho la dini. Chama cha wakulima cha A. K. Fazlul Huq kiliingia madarakani Bengal mwaka 1937 kikiwa na ajenda ya madeni na ardhi. Miaka 10 baadaye Bengal ilikatwa vipande viwili, mashamba mengi ya juti yakabaki Pakistani ya Mashariki na viwanda vikabaki India.

Usukuma, zao lilikuwa pamba. Mkulima aliibeba hadi gulioni, ikapimwa na mnunuzi, aghalabu Mwasia, kisha ikaenda kiwanda cha kuchambulia, nacho aghalabu cha Mwasia. Bei ilitegemea soko la dunia na maamuzi ya serikali. Mwafrika aliyetaka kuingia katikati ya mnyororo huo alikuta milango imefungwa. Sheria ya miaka ya 1920 ilizuia kumkopesha mwenyeji bila kibali, na leseni za kununua mazao na kuendesha viwanda ziligawiwa kwa namna iliyowaacha Waafrika nje. Waasia nao hawakuwa huru: mwaka 1923 walifunga maduka yao Tanganyika kupinga kodi na sheria za biashara, zikiwemo zile zilizotaka vitabu vya hesabu viandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili na si Kigujarati. Serikali ilimweka mfanyabiashara wa Kiasia kati yake na mkulima, kisha ikawa ikimbana kutoka juu.

Maelezo haya hayamsafishi aliyemwibia mkulima. Malalamiko ya mizani ya gulioni yalikuwa ya kweli na mazito. Mkulima asiyejua kusoma mzani aliangalia mshale ukicheza, akasikia namba, akapokea alichopewa, na msimu mzima wa jembe ukaishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Waafrika wa Kanda ya Ziwa walianza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye magulio ili mkulima ajue uzito wake kabla ya kufika kwa mnunuzi. Ni hatua ndogo kwa kuitazama, lakini ilihamisha maarifa, na penye maarifa nguvu hufuata. Kutokana na vuguvugu hilo, Paul Bomani na wenzake waliunda chama cha wakulima wa pamba cha Jimbo la Ziwa mwaka 1952, na mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Lilijinunulia viwanda vyake, na kufikia uhuru pamba ya ukanda huu ilikuwa ikipita mikononi mwa ushirika.

Tofauti ya matokeo inastahili kutafakariwa. Bengal, hasira ya mkulima iliishia katika kugawanyika kwa dini na mipaka. Mwanza, kwa sehemu kubwa iliishia katika chombo cha kiuchumi. Sababu mojawapo ni kwamba Bomani na wenzake walilenga mzani, leseni na kiwanda, vitu vinavyoweza kudaiwa na kumilikiwa. Hawakuishia kulenga ukoo wa mtu. Chuki ya rangi ilikuwepo na isifichwe, lakini chombo walichokijenga kiliipa hasira kazi ya kufanya.

Fikra na vitabu

Bengal ilifika pia kwa njia ya fikra. C. F. Andrews, Mwingereza aliyefanya kazi na Rabindranath Tagore katika shule yake ya Shantiniketan, alikuja Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa 1919 kuchunguza madai ya Wahindi wa Kenya. Januari 1924 Sarojini Naidu, mshairi wa familia ya Kibengali aliyezaliwa Hyderabad, aliongoza mkutano wa Kongresi ya Wahindi wa Afrika Mashariki mjini Mombasa. Ilikuwa miezi michache baada ya waraka wa Devonshire wa 1923, uliotamka kwamba maslahi ya Waafrika yatangulie mbele ya yote. Mwanamke huyo kukalia kiti hicho lilikuwa jambo kubwa kwa wakati ule. Hata hivyo mjadala wa siku zile ulikuwa kati ya Wahindi na walowezi wa Kizungu, kuhusu kura na ardhi ya Nyanda za Juu za Kenya. Mwafrika alitajwa na wote wawili kama hoja, na hakupewa kiti.

Upungufu huo huo unaonekana katika fasihi. Mwaka 1937, baada ya Italia kuivamia Uhabeshi, Tagore aliandika shairi lake kuhusu Afrika, lililolaani unyang'anyi wa Ulaya kwa maneno makali. Ni kauli ya heshima kutoka kwa mshairi mkubwa wa Asia katika saa mbaya. Lakini Afrika yake ni ya msitu na kivuli kwanza, kisha ni ya mnyonge aliyedhulumiwa. Mtu mwenye shamba, mji na hoja zake hayumo.

Mwaka huo huo kilitoka kitabu ambacho watoto wa Kibengali wamekisoma kizazi hadi kizazi, *Chander Pahar*, maana yake Mlima wa Mwezi, cha Bibhutibhushan Bandyopadhyay. Shankar, kijana wa kijiji cha Bengal, anapata kazi katika Reli ya Uganda mwaka 1909, anakabidhiwa kituo kidogo porini, anapambana na simba na nyoka, kisha anaanza safari ndefu ya kutafuta almasi inayompitisha Ziwa Victoria na Mwanza. Mwandishi wake hakuwahi kukanyaga Afrika. Alisoma vitabu vya wasafiri wa Kizungu na kuvitia roho ya kijana wa Kibengali anayekataa kufia kwenye kiti cha ukarani.

Kitabu hicho kina uzito kwetu. Kwanza, jina la mji wetu limekuwa likitamkwa na watoto wa Kolkata na Dhaka wakati sisi hatukuwajua. Pili, mtu wa taifa lililotawaliwa alipata uhuru wa kufikirika kwa kutembea katika nchi ya watu wengine waliotawaliwa, na wenyeji wa nchi hiyo wakawa wapagazi na mandhari. Mkoloni aliwaonesha Wabengali Afrika kwa miwani yake, na hata mwandishi mwenye huruma nyingi kama Bandyopadhyay hakuivua. Nasi tumemtazama Mwasia kwa miwani ya aina hiyo hiyo: tunamjua mwenye duka, hatumjui mkulima wa juti.

Makaburi ya Comilla

Watu wa kawaida wa pande hizi mbili walikutana kwa wingi kwa sababu ya vita. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, mchele wa Burma uliokuwa ukilisha pwani nyingi za Bahari ya Hindi ulikatika. Waingereza, wakiogopa uvamizi, walichukua au kuharibu makumi ya maelfu ya vyombo vya majini Bengal, vyombo ambavyo wavuvi na wakulima wa deltani waliishi kwavyo. Kwa mtu wa mwalo, maana ya hatua hiyo haihitaji kuelezwa. Bei za chakula zilipaa, na mwaka 1943 njaa iliua watu wanaokadiriwa kufikia kati ya milioni 2 na milioni 3.

Mwaka uliofuata askari wa Afrika Mashariki walipelekwa kwenye mpaka wa India na Burma. Divisheni ya 11, yenye vikosi vya Keya (King's African Rifles) kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ilishuka Bonde la Kabaw katikati ya mvua, matope na malaria, na Desemba 1944 ikauvuka Mto Chindwin. Mashariki mwa Bengal ilikuwa ngome ya nyuma ya vita hivyo, yenye bandari, viwanja vya ndege na hospitali. Katika makaburi ya vita ya Maynamati, karibu na Comilla, Bangladesh ya leo, wamezikwa askari zaidi ya 50 wa Afrika Mashariki. Wengine wako Chittagong. Hawakuwa na ugomvi na Mjapani wala na Mbengali. Walilala katika ardhi ya juti, mbali na mashamba yao.

Waliorudi walirudi na macho mapya. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally walipigana Burma, na wote wawili walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU tarehe 7 Julai 1954. Pamoja nao alikuwepo Saadani Abdu Kandoro, aliyekuwa amefanya siasa za TAA, chama kilichoitangulia TANU, hapa Mwanza. Askari aliyemwona Mzungu akikimbia risasi na kuiona India ikikaribia uhuru hakuweza tena kuamini kwamba utawala wa kikoloni ni amri ya Mungu.

Watoto wawili wa ukanda mmoja

Ushahidi ulio wazi zaidi wa hoja hii umo katika maisha ya watu wawili. Amir Habib Jamal alizaliwa Mwanza mwaka 1922 katika familia ya Kigujarati, akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Calcutta wakati India ikipigania uhuru wake. Paul Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925, akapitia kazi ya mgodini Mwadui na vyama vya wafanyabiashara wa Kiafrika Mwanza hadi akauongoza ushirika wa pamba. Kwa hesabu ya duka na mzani, walipaswa kuwa maadui. Bomani alikuwa Waziri wa Fedha kuanzia 1962 hadi 1965, na aliyempokea kiti hicho ni Jamal, aliyekishika kwa miaka mingi na kuheshimiwa kwa uadilifu wake.

Mfano wao hauthibitishi kwamba mambo yalikuwa shwari. Wengi katika jamii ya Jamal waliondoka nchini baada ya Azimio la Arusha la 1967 na utaifishaji wa majumba wa 1971, na ushirika alioujenga Bomani ulipata misukosuko yake, ukiwemo ule wa serikali kuvivunja vyama vikuu mwaka 1976. Unachothibitisha ni kwamba asili ya mtu haikuwa hatima yake. Wote wawili walisoma mfumo, wakachagua kuubadili.

Wapo watakaosema kuwa kuileta Bengal katika mjadala huu ni kukuza vitu vidogo: gunia, sheria ya zamani, kitabu cha watoto. Nakubali kwamba Wagujarati na Wapunjabi waliacha alama kubwa zaidi katika mitaa ya Mwanza. Lakini historia inayohesabu walioonekana peke yao inamwadhibu aliyekuwa kaunta na kumwachia huru aliyepanga bei. Ukiingiza Bengal, unalazimika kuuliza nani alimiliki meli, nani aliandika sheria, nani alikubaliana na nani kupunguza saa za viwanda, na nani aliamua kwamba mkulima wa Kwimba asikopeshwe. Maswali hayo yana kazi hata leo. Lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, bado inapigiwa kelele masokoni, na mkulima au mvuvi anaendelea kupoteza pale kipimo kinapokuwa mikononi mwa mnunuzi.

Shule zetu za Mwanza zinafundisha kuja kwa Wahindi kama aya ya reli na maduka. Zifundishe pia juti, sheria za Calcutta, njaa ya 1943 na makaburi ya Comilla, na zifanye hivyo kwa kuanzia shambani, Usukuma na Mymensingh pamoja. Mwanafunzi atakayeujua mnyororo mzima hataridhika na jibu la kwamba adui ni Mwasia, wala na lile la kwamba Mwasia alituletea maendeleo. Atataka kujua kipimo kimeshikwa na nani, na atakuwa na uwezo wa kukidai.